Interview ya drone Kendu Bay: plan ilisema nianze na shamba la mke mdogo

Wakuu, salamu kutoka Migori. Walio kazini na mnaotarmac kutafuta kazi, natumai mmeamka salama.

Nimekuwa humu miaka mingi nasoma tu uzi za watu, nacheka, halafu natoroka bila hata kuacha like. Leo nimeamua na mimi nilipe deni.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Jina la kampuni sitataja, kwa hivyo msinijaze inbox. Na kama ulikuja kutafuta chai, hapa hakuna hata majani.

Kidogo kunihusu.

Mimi nilisoma mambo ya ramani na drone chuo kikuu. Ni kozi ambayo nikiitaja kwa watu wa nyumbani wananiuliza, "Sasa hiyo ukimaliza unakuwa mwalimu ama polisi?" Lecturer wetu alikuwa anatuambia field ni mpya, tumeingia mapema, kazi zitatutafuta zenyewe.

Mazee.

Nilipograduate ndio nikajua kuingia mapema ni kitu gani. Kazi ni chache, na hizo chache zinataka experience. Experience inapatikana kazini, na kazini huingii bila experience. Leseni nayo inataka uwe na masaa ya kurusha, na drone ya shamba ni bei ya shamba lenyewe. Hayo masaa utarushia nini, kite?

Nikaishia kwa hardware ya Mzee Abdalla hapa mjini. Mzee ni mtu wa Lamu lakini amekaa Migori mpaka anabishana na wateja kwa Kijaluo. Nilikuwa napima misumari na kupakia simiti. Alikuwa ananiita "rubani" mbele ya watu wote. "Rubani, hebu mtolee mama mabati!" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Jioni nikifika nyumbani ndio inauma.

Mama yangu ndiye amenisomesha, kwa omena anayouza sokoni. Drone hajui ni kitu gani hasa, lakini hajawahi kunicheka hata siku moja. Hiyo ndiyo ilikuwa inanikosesha usingizi zaidi ya kitu chochote.

Basi. Kampuni moja ikafungua ofisi Homa Bay. Wanapanda mpunga na kupiga dawa kwa drone. Walitaka junior operator mmoja, na wakaandika wazi kwamba watamfundisha na kumsaidia kupata leseni. Wakuu, tangazo kama hilo kwa field yetu hulioni mara mbili.

Tukachujwa mpaka tukabaki wawili, mimi na kijana anaitwa Felix wa hapo Homa Bay. Felix alikuwa amefanya attachment kwa watu wa survey, mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Nakubali. Test ya mwisho ilikuwa shambani kwa mteja halisi, upande wa Kendu Bay.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo, hasa nyinyi wa mbali.

Kwetu Ujaluoni, boma likiwa na wake wengi, yule wa kwanza anaitwa mikayi. Wakati wa kupanda, yeye ndiye anatangulia kuweka mbegu chini. Akishapanda, wa pili anafuata, halafu wa tatu. Hata mvua inyeshe namna gani, unangoja. Mke mdogo akitangulia, basi baya lolote litakaloingia hilo boma, mtoto augue, ng'ombe afe, tayari lina mwenyewe. Wazee wanaita chira.

Unaweza kuniambia hiyo ni mambo ya kizamani. Sawa. Ngoja nikuambie ya kwetu.

Mama yangu alikuwa mke wa tatu, huko Ndhiwa. Mwaka mmoja mvua ilikuja vizuri na mikayi alikuwa ameenda matanga kwao, akakawia. Mama aliogopa mvua itapita watoto walale njaa. Akapanda.

Msimu huo huo ndugu yangu wa nyumba kubwa, mtoto wa mikayi, akaugua, akafa.

Hakuna mtu aliyempiga mama. Waliacha tu kumsalimia. Akipika, chakula kinarudi vile kilivyoenda. Halafu siku moja nikatoka shule nikakuta vitu vyetu viko nje, godoro na sufuria na kuku mmoja amefungwa miguu. Baba alikuwa ndani ya nyumba na hakutoka. Ndio tukaja Migori. Mama hajawahi kuizungumzia hiyo siku, na mimi sijawahi kumuuliza.

Sasa mnanijua. Turudi shambani.

Tulifika asubuhi. Aliyekuwa anatupima ni Madam Nduta, rubani mkuu wa kampuni, mtu wa Nairobi, mwenye leseni na maneno machache sana. Mbegu zilikuwa zimelowekwa na zimeanza kuchipuka, kwa hivyo ni leo ama zitupwe. Generator ilikuwa imekataa kuwaka tangu asubuhi, kwa hivyo tulikuwa na betri mbili zilizojaa, basi. Na upepo hauchelewi kule. Jua likipanda kidogo unaanza, na ukishika nguvu mbegu zinaenda kwa jirani.

Mashamba yalikuwa matatu yamefuatana. La karibu na barabara, hapo tulipoweka drone, lilikuwa la mke wa tatu, msichana anaitwa Mildred, alikuwa na mtoto mgongoni. La katikati ni la mke wa pili. La mwisho kabisa, kule kwenye miti, ni la mikayi. Mikayi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu wake mmoja ni mbovu, fimbo imelala mapajani.

Madam akanipa tablet. "Wewe unaanza. Flight plan iko tayari. Umalize mashamba yote matatu kwa hizo betri mbili kabla upepo haujanikataza. Usipomaliza, umeanguka."

Nikaangalia plan.

Inaanza na kwa Mildred.

Na kusema kweli plan ilikuwa nzuri. Drone ikiwa imejaa mbegu inakula betri vibaya sana. Kwa hivyo unamwaga karibu ikiwa nzito, unaenda mbali ikiwa nyepesi. Ukigeuza, unabeba mzigo wote mpaka mwisho wa shamba. Chuo wangenipa alama zote kwa plan kama hiyo.

Mildred akanisogelea pole pole akaniuliza kwa Kijaluo, "Hiyo kitu inaanzia wapi?"

Nikamwambia, "Hapa. Kwako."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Ndhiwa."

Akaniangalia. "Mtu wa Ndhiwa, na unanifanyia hivi?"

Nikamgeukia mzee mwenye boma, nikitumai atasema kitu. Alikuwa amevaa koti lake safi kwa ajili ya wageni. "Nyinyi ndio wenye mashine," akasema, na akatabasamu. Wakuu, hiyo tabasamu naijua. Mzee wa kwetu hawezi kumkatalia mgeni machoni. Atakuacha ufanye, atakupa na chai, halafu ukishaondoka boma litabaki na shida yake.

Mikayi alikuwa anaangalia maji ya mashamba. Mke wa pili alikuwa anaangalia mikayi.

Nikamnong'oneza Felix, "Umeona?"

"Nimeona," akasema. "Lakini hiyo haiko kwa marking scheme. Rusha."

Mtaniuliza, kwa nini hukumwambia Madam? Mdomo si ulikuwa nao?

Niliona aibu. Ndio ukweli. Tangu asubuhi nilikuwa nimejaza mdomo Kiingereza cha sensor na calibration, shati nimepiga pasi, gumboot nimeazima kwa Mzee Abdalla. Sasa nigeuke nianze kumweleza mtu wa Nairobi mambo ya bibi wa kwanza na bibi wa tatu? Niliona ataniandika mshamba na kufunga faili.

"Ready?"

"Ready, Madam."

Nikainua.

Ile drone ikijaa inanguruma mpaka unaisikia kifuani. Nikaileta juu ya shamba la Mildred, ikasimama hapo, maji chini yake yanatetemeka. Kidole kiko kwa switch ya kufungulia mbegu.

Nikafanya kosa la kumwangalia Mildred.

Alikuwa amerudi nyuma, amemfunika mtoto kichwa na leso. Watoto wote wa boma walikuwa wanashangaa drone. Yeye hakuwa anaiangalia kabisa, macho yake yote yalikuwa kwa mikayi. Na nikamwona mama. Sisemi kumkumbuka, nasema nilimwona, siku ile, akisimama kando ya godoro.

Nikatoa drone kwa auto nikashika manual, niiendeshe mwenyewe. Nikapita juu ya shamba la Mildred bila kumwaga hata punje, nikapita la pili, nikaenda moja kwa moja mpaka mwisho.

"Unaenda wapi?" Madam akauliza.

"Upepo, Madam. Naona nianzie upande unaotoka upepo."

Uongo ulitoka wenyewe, laini kabisa. Nilikuwa sijui upepo unatoka wapi.

Nikafungua mbegu juu ya shamba la mikayi. Zikagonga maji, unasikia ile sauti ya mvua ya kwanza kwa mabati. Nikasikia kiti kinasogea. Mikayi alikuwa amesimama na fimbo yake, mguu mbovu na yote, na mzee ametoa kofia. Mke wa pili akapiga kigelegele kimoja kifupi halafu akajishika mdomo. Madam akageuka kuona kuna nini, hakuna mtu aliyemwambia.

Mimi jasho lilikuwa linaingia machoni na siwezi kujipangusa. Betri ilikuwa inateremka nikiiona.

Nikarudi, nikabadilisha betri, Felix akanisaidia kujaza mbegu. Hakusema kitu ila "haraka." Nikamaliza la mke wa pili. Wakati huo nyasi za kando ya mfereji zilikuwa zimeanza kulala kwa upepo.

Nikaingia kwa Mildred.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Remote ikaanza kulia. Nikaendelea. Remote ikazidi kulia, ile sauti ya mwisho ambayo ukiisikia unajua drone inataka kurudi nyumbani yenyewe. Unaweza kuilazimisha ikae. Lakini ukiilazimisha na betri iishe, mashine ya watu inaanguka kwa maji, na hata nikiuza omena ya mama ya maisha yake yote siwezi kuilipa.

Kidole kilikuwa juu ya button ya kulazimisha. Nusu ya shamba imebaki, na kazi yangu iko kwa hiyo nusu.

Nikaiacha irudi.

Ikatua. Propela zikasimama. Madam akaangalia anga, akaangalia nyasi. "Upepo umeshika. Basi. Hukumaliza."

"Ndio, Madam."

Nilitaka kukaa chini pale pale kwa matope nilie.

Halafu nikaona Mildred anafungua leso. Akamtoa mtoto mgongoni, akatembea naye mpaka kwa mikayi, akamweka mapajani mwake. Mikayi akampokea, akamfuta pua. Mildred akapandisha sketi, akachota mbegu kwa karai, akaingia kwa maji mpaka magotini, akaanza kurusha kwa mkono. Anainama chini kabisa ili upepo usizichukue. Mke wa pili akamfuata na karai lake, wanacheka wote wawili.

"Tupa, nyathina!" mikayi akaita kutoka kwa kiti. Mwanangu, alimwita mwanangu.

Madam aliangalia hiyo kitu muda mrefu. Halafu akaniita kando ya pickup, na Felix akafuata.

"Moshi wa jiko lao unaelekea wapi?"

Nikaangalia. Moshi ulikuwa unaelekea kule kwenye miti. Upepo ulikuwa unatoka kwa barabara, hapo tulipokuwa tumesimama.

"Umenidanganya," akasema. "Umenidanganya na remote yangu iko mkononi mwako."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia yote. Mikayi, mbegu, Ndhiwa, ndugu yangu, godoro, kuku, baba aliyekataa kutoka. Machozi yakatoka, mtu mzima na gumboot za kuazima. Felix alikuwa anaangalia viatu vyake.

Madam akasema kama anajiongelesha, "Wanatupokea vizuri, wanatupa chai, wanasifu mashine. Tukiuliza tarehe ya kupanda wanasema tutawaambia. Boma baada ya boma. Mimi nilidhani ni bei inawashinda."

Akamgeukia Felix. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Madam."

"Na hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza."

Felix alirusha siku hiyo hiyo alasiri, upepo ulipotulia na generator ilipokubali, kwa boma la jirani lenye mke mmoja. Alimaliza safi. Kazi akapewa yeye, na sina kinyongo naye.

Kwangu Madam alisema hivi: "Rubani anayenidanganya juu ya upepo simpi drone. Kesho atanidanganya juu ya waya wa stima. Ungenieleza kabla ya kuinua, ningegeuza plan na ningeleta betri ya ziada. Shida yako haikuwa kwa mkono."

Nikarudi Migori. Mama nikamwambia bado wanaamua. Mzee Abdalla akaniona uso, siku hiyo hakuniita rubani, aliniita jina langu, na hiyo ikauma kuliko utani wake wote.

Nikapima misumari wiki hiyo, na iliyofuata.

Halafu simu. Madam. Hakusalimia hata.

"Uko tayari kutembea kwa miguu?"

Kazi ni hii, wakuu. Natangulia kabla ya drone. Naenda kwa boma, nakaa, nakunywa uji, nauliza nani anaanza, nani anafuata, kuna matanga, kuna mgonjwa. Halafu ndio nachora flight plan. Felix anairusha vile nimeichora, na akilalamika juu ya betri namwambia hiyo iko kwa marking scheme. Mkataba ni mfupi na mshahara haujashiba. Lakini nahesabiwa masaa nikiwa naye shambani, na leseni naiona kwa mbali. Chuo hakuna aliyetuambia kuna kazi kama hiyo, nadhani kwa sababu walikuwa hawajui.

Kwa wale mnaotarmac kwa hizi field mpya, yangu ni moja tu. Ukienda interview usiwache kwenu nje ya mlango. Kile kitu unaona aibu kukisema huenda ndicho wao hawana. Na kiseme mapema, kabla mashine haijapanda. Mimi nilichelewa, na nikaongeza uongo juu yake, na kiti cha rubani nilikipoteza kwa haki.

Nimalizie na mama.

Siku ile simu ilipokuja ndio nilimweleza yote, alikuwa anachambua omena kwa ungo. Nikamweleza plan, betri, uongo, kila kitu. Nilipotaja shamba la mke wa tatu mikono yake ikasimama. Nilidhani atauliza mshahara, ama nitaanza lini.

Akauliza, "Huyo msichana. Mlipoondoka jioni, alikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Alikuwa jikoni kwa mikayi, wanapika. Mtoto alikuwa amelala kwa mikayi."

Mama akapitisha mkono usoni, ule wenye magamba ya samaki.

"Na walikula alichopika?"

"Walikula, Mama. Hata sisi tulikula."

Akarudi kwa ungo wake. "Basi hiyo interview ulipita," akasema.

Wakuu, mimi nimemaliza. Wa field mpya, niambieni mliingilia mlango gani. Na wengine nambieni, kwenu nani huanza kupanda, na aliyewahi kutangulia alifanywa nini? Nitasoma zote, na safari hii nitaacha like.